Wimbo wa mzee ukirudiliwa, jina la mzee libaki

Ukifungua simu yako mangaribi, dakika kumi haziishi bila kuona vijana wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja ameshika gitare, mwingine anaimba. Hakuna batri, hakuna sinteze, hakuna atalaku wa kutaja majina ya wenye makuta. Na mara nyingi wimbo si wao. Ni wimbo wa zamani, ule ambao baba zao waliucheza wakiwa vijana. Wameupunguza mwendo, wameondoa vyuma vyote, wamebakiza sauti mbili na nyuzi sita. Kuna ambao wamekwisha kukusanya nyimbo kumi ao kumi na mbili za namna hiyo na wanataka kuzitoa kama albamu.

Sisi tunaipenda kazi hiyo. Tuseme hivyo mapema, kwa sababu yale yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri tumekuja kuwagombeza. Katika miji yetu gitare kavu ni chombo chenye akili: umeme ukikatika saa moja ya mangaribi, yenyewe haiulizi jenereta. Na mwaka wa 2025, vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga, ndege ziliacha kuteremka, na wengi waliokuwa wakiishi kwa kupiga kwenye arusi na hoteli walibaki mikono mitupu. Vijana wawili wenye gitare moja na simu moja waliendelea. Mtu asiwacheke.

Lakini iko jambo moja linatuuma, na lilituuma zaidi kwenye arusi moja. Vijana wawili walisimama mbele ya meza ya mabibi arusi, wakaimba vizuri sana, watu wakanyamaza. Walipomaliza, mwenye kuongoza sherehe akachukua mikro na kusema: «Tuwapigie mikono kwa wimbo wao mpya!» Karibu nami alikuwa amekaa mama mzee aliyekomalia Likasi. Akaweka sahani yake chini. «Mwanangu,» akaniambia, «wimbo huo niliucheza wewe haujazaliwa. Leo umekuwa mpya?» Nikamuuliza nani aliuimba. Akafikiri, akataja jina nusu, nusu nyingine ikamponyoka. Kisha nikawaendea wale vijana. Walinijibu kwa heshima yote: «Tuliupata kwenye intaneti, papa. Hauna mwenyewe.»

Hawakudanganya. Walisema walichokiona: video bila jina, ao yenye jina la mtu mwingine aliyeurudilia mbele yao. Na hapo ndipo shida yote inalala. Inchi hii imejaa nyimbo ambazo watu wanafikiri hazina mwenyewe, na karibu zote ziko naye.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi kuliko yote. Mwaka wa 1952, huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kijana mmoja mzaliwa wa Bunkeya alikuwa akipiga gitare. Jina lake Jean Bosco Mwenda. Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika ya Kusini na kuzunguka na mashine yake akikusanya miziki ya Afrika, alimsikia, akamnasa sauti. Mmoja wa nyimbo hizo, «Masanga», ulipata zawadi ya Osborn kama muziki bora wa Afrika wa mwaka huo. Diske ilitoka Johannesburg kwa alama ya Gallotone na ikatembea kufika fasi ambazo Mwenda mwenyewe alikuwa hajazikanyaga.

Mwenda hakuwa peke yake. Alikuwa na ndugu yake wa ukoo, Edouard Masengo, mzaliwa wa Kolwezi, naye fundi wa gitare na wa kuchekesha watu, aliyejulikana Lubumbashi pamoja na kikundi cha JECOKE. Mwisho wa miaka ya hamsini wote wawili walifika Nairobi. Masengo alikaa kule muda mrefu, akawa anaimbia matangazo ya Coca-Cola. Mwenda aliimba kwenye redio kwa makuta ya Aspro, dawa ya kichwa. Wapiga gitare wa Kenya walijifunza kwao mchezo wa vidole viwili, kidole gumba na kile cha shahada. Mtu wa Kisumu ao wa Kakamega anaweza kukueleza leo habari za gitare ya Katanga kuliko mwanafunzi wa Lubumbashi. Inasikitisha, lakini ndiyo kweli.

Wazungu nao walikuja. Mwaka wa 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alifunga safari mpaka Shaba kwa kutafuta wale wazee wa gitare na kujifunza miguuni pao. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka wa 1982. Watu wa Ulaya na Marekani wanapiga «Masanga» hata leo, wanaandika noti zake moja kwa moja kwenye karatasi, na kwa kawaida juu ya ile karatasi wanaandika jina: Mwenda. Mgeni anaandika jina, mtoto wa nyumba anasema wimbo hauna mwenyewe!

Sasa msikilizeni Mwenda mwenyewe, maana katika habari hii ya kurudilia nyimbo yeye ndiye mwalimu. Mwaka wa 1988 alifika Cape Town, akaingia studio na gitare yake kavu, akaimba upya nyimbo zake za zamani. Miaka thelathini na sita ilikuwa imepita tangu Likasi. Diske ile ilitolewa tena Marekani mwaka wa 1994, yeye akiwa amekwisha kufariki: alikufa kwa ajali ya gari Zambia, mwezi wa tisa 1990. Mwenye kuweka diske ya 1952 kando ya ile ya 1988 hasikii kitu kimoja mara mbili. Sauti imekuwa nzito. Mkono umetulia. Anajua ni wapi anaweza kuacha noti ianguke na ni wapi haiwezekani. Ni mtu anayeingia tena kwenye nyumba aliyoijenga akiwa kijana, anasogeza viti, lakini kuta hazigusi.

Hilo la kuta ndilo tungependa vijana wetu walishike. Kuondoa ngoma na sinteze hakutoshi ili wimbo uitwe umefanywa upya. Wengi wanachukua wimbo wowote, wa Mwenda, wa Franco, wa kanisani, wanautia ndani ya akordi nne zilezile walizojifunza kwa video, wanapiga nyuzi zote kwa pamoja juu na chini, na wanaimba polepole kama watu wenye usingizi. Katika gitare ya Katanga nyuzi hazipigwi namna hiyo. Kidole gumba kinatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, kile kingine kinacheza juu kama mtoto anayemfuata. Ni sauti mbili katika mkono mmoja, na sauti ya mwenye kuimba ni ya tatu. Ukiweka akordi nne pale, umebakiza maneno na umetupa wimbo. Na wakati wako wawili, raha ingekuwa kubwa zaidi: mmoja anashika gumba, mwingine anashika shahada, ao mmoja anaacha gitare kabisa na kugonga chupa, kama walivyofanya wazee.

Halafu maneno. Hapa tunawagombeza kidogo, mtusamehe. Vijana wengi wakirudilia wimbo wa Kiswahili chetu wanausafisha. Wanaona haya. Wanafikiri mtu wa Dar es Salaam ao Mombasa atawacheka, basi wanageuza maneno ya Likasi kuwa maneno ya kitabu cha shule. Wimbo unatoka umevaa suruali ya mtu mwingine. Mwenda aliimba Kiswahili cha watu wa mgodi na wa soko, cha mchanganyiko, na kwa Kiswahili hichohicho Nairobi ilimpokea. Hakuna aliyemwambia arudi kwanza darasani.

Kuna watakaosema: lakini kuchukua wimbo wa mwingine ni kazi ya wanamuziki tangu zamani, hata wakubwa wa dunia wamefanya. Ndiyo, wamefanya. Tuangalie basi iliwapata nini.

Vijana wawili wa New York, Paul Simon na Art Garfunkel, walitoa albamu yao ya kwanza mwezi wa kumi 1964. Ilikuwa kazi ya namna ileile tunayoiona kwenye simu zetu: sauti mbili, gitare kavu, na zaidi ya nusu ya nyimbo zilikuwa za watu wengine ao za zamani za kanisa na za vijijini. Watu hawakuinunua. Simon akakata tamaa, akaenda Uingereza. Mwaka uliofuata Tom Wilson, mtayarishaji wao, akachukua wimbo mmoja wa albamu ile, ulioandikwa na Simon mwenyewe, akauongezea gitare za umeme na batri bila kuwaambia, na mwezi wa kwanza 1966 ulikuwa namba moja Marekani. Kwa hiyo wale wawili walijua mapema jambo ambalo sisi tunabishania leo: wimbo mmoja unaweza kuvaa nguo mbili.

Lakini walijifunza na jambo lingine, kwa njia ngumu. London, Simon alijifunza kwa Martin Carthy, mwimbaji wa huko, namna yake ya kupiga wimbo wa kale «Scarborough Fair». Wimbo wenyewe ulikuwa wa watu wote, hauna mtunzi anayejulikana. Ila ile namna ya kuupiga ilikuwa kazi ya Carthy. Simon na Garfunkel waliutoa mwaka wa 1966, ukajulikana dunia nzima, jina la Carthy halikutajwa. Uchungu ulibaki kwa Mwingereza yule miaka na miaka. Ni mwaka wa 2000 ndipo Simon alimwita jukwaani London wakauimba pamoja.

Kisha Paris. Mwaka wa 1965 Simon alisikia kikundi cha Los Incas kikipiga muziki wa milima ya Peru, akaupenda, akaambiwa ni wa kale, ni wa watu. Kwa Kiswahili chetu: hauna mwenyewe. Mwaka wa 1970 walitoa «El Cóndor Pasa» kwa Kiingereza. Kumbe mwenyewe alikuwako: Daniel Alomía Robles, Mperu, aliyeutunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani mwaka wa 1913 na kuuandikisha Marekani mwaka wa 1933. Yeye alikuwa amekufa, lakini mtoto wake Armando Robles Godoy, mtu wa sinema, alikuwa hai. Alipeleka neno mbele ya sheria, wakapatana bila uadui, na jina la baba likarudi kwenye diske. Angalieni kilichomsaidia yule mtoto: karatasi iliyoandikwa mbele. Bila karatasi ile angebaki mtu anayelia tu.

Mfano wa tatu unatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka wa 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu yao ya pamoja, ambayo ilipata zawadi ya Grammy kwa miziki ya watu. Ndani yake mlikuwa nyimbo za Afrika ya Kusini na pia «Malaika». Hakuna mtoto wa Bukavu wala wa Kalemie asiyeijua. Lakini ya nani? Fadhili William wa Kenya aliinasa mwanzo wa miaka ya sitini. Adam Salim wa Tanganyika alisema yeye ndiye aliyeitunga zamani zaidi. Wote walikwisha kuzeeka wakiwa katika mabishano hayo, na wakati wazee wawili wakibishana, wimbo ulipita mikononi mwa wasanii wa inchi zote, mpaka Boney M. Wimbo wa kijana asiye na mahari umetajirisha watu wengi. Wale wazee wawili hawamo kati yao.

(Na kwa kuwa tumeutaja: ule wimbo ni kilio cha mtu maskini. Wanaouimba kwenye hoteli kwa kuwabembeleza watalii wakumbuke hivyo angalau mara moja kwa juma.)

Turudi nyumbani. Watu wengi wanafikiri Kongo hatuna sheria juu ya mambo haya. Tunayo, tena si ya jana. Ni Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za mtunzi na za wale wanaoimba na kupiga kazi yake. Inasema mtunzi ana haki ya jina lake kutajwa, na kazi yake isigeuzwe bila yeye kukubali; na baada ya kifo chake haki za makuta zinabaki kwa warithi kwa miaka 50. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mwenda alikufa mwaka wa 1990. Nyimbo zake zina wenyewe mpaka mwaka wa 2040. Si habari ya kale. Kijana anayerekodi mojawapo ya nyimbo zake leo anagusa mali ya watu walio hai.

Na kuna mahali pa kwenda. Zamani ilikuwa SONECA, iliyoanzishwa mwaka wa 1969. Tangu 2011 ni SOCODA inayopewa kazi ya kukusanya haki za watunzi na kuwagawia. Ni wanamuziki wangapi wa Uvira, wa Butembo, wa Kindu waliowahi kupokea hata franka elfu kumi kwa njia hiyo? Kila mmoja ajibu mwenyewe. Wakubwa wa inchi wanajua kwamba mtego huu una matundu, na watu wa mashariki wanahisi, si bila sababu, kwamba yanayokusanywa yanabaki mbali. Rumba ilipoandikwa na UNESCO tarehe 14 Desemba 2021, kwa ombi la Kongo zote mbili, tulifurahi wote. Lakini gitare ya Kiswahili ya Katanga, ambayo ilifika Nairobi na Johannesburg, hakuna aliyeiombea karatasi ya namna ile. Kinshasa ilikuwa na nyumba zake za diske, Ngoma tangu 1948 na Loningisa tangu 1950, zilizonasa waimbaji wake mwaka kwa mwaka. Sehemu kubwa ya sauti zetu ilinaswa na mashine iliyokuwa ikipita, na mashine ilipoondoka, sauti ziliondoka nayo. Leo, ukitaka kusikia wazee wa Likasi wa mwaka wa 1952, hazina yao iko ILAM, nyumba aliyoianzisha Tracey mwaka wa 1954, ambayo iko Makhanda, Afrika ya Kusini.

Juu ya hayo kumekuja mashine nyingine. YouTube ina programu inayosikiliza kila video na kuilinganisha na nyimbo zilizoandikishwa. Ikitambua, makuta ya matangazo yanakwenda kwa yule aliyeandikisha. Mashine haijui mzee. Inajua aliyetangulia kujaza fomu. Kampuni lenye ukanda wa zamani linaweza kujaza. Kijana mwerevu aliyerudilia wimbo wiki iliyopita anaweza kujaza. Mjane aliye kijijini karibu na Bunkeya hana hata simu ya kufungulia ukurasa huo. Na wengi wanachanganya vitu viwili: mwenye ukanda si lazima awe mwenye wimbo. Ukanda ni sauti iliyonaswa siku fulani. Wimbo ni maneno na sauti alivyovitunga mtu. Unaporudilia wimbo kwa gitare yako mwenyewe, haugusi ukanda wa mtu, lakini wimbo unaugusa mzima.

Tumekwisha kusikia jibu la vijana, tena ni jibu la haki: «Sisi hatuna kitu. Video yetu imetazamwa na watu mia tatu. Tulipe nini?» Kweli, mwenye kuimba sebuleni kwake hakuna mtu atakayemuuliza, na hatuko hapa kwa kumtoza mtoto ushuru wa kujifunza gitare. Kila mtu alijifunza kwa nyimbo za wengine. Mwenda pia. Lakini kati ya kujifunza na kutoa albamu kuna mlango. Siku unapoweka bei, siku unapopiga picha ya kava, siku unapoitwa kwenye arusi kwa dola mia moja na wimbo ule ndio umekuita, umevuka mlango. Na kuandika jina la mtunzi hakuna bei. Ni mstari mmoja chini ya video. Mtu anayekosa makuta hakosi mstari mmoja.

Kuomba ruhusa nako si mlima kama wanavyofikiri. Familia nyingi za wanamuziki wa zamani tunaishi nazo: Kenya ya Lubumbashi, Kadutu, Likasi, Kolwezi. Mara nyingi kinachotakiwa ni safari moja, kilo mbili za sukari, na kijana kukaa chini na kusema: «Mama, tungependa kuimba wimbo wa marehemu.» Atakayefanya hivyo atarudi na ruhusa, na pengine atarudi na zaidi: ubeti ambao haukuwahi kunaswa, maana ya neno ambalo kila mtu analiimba vibaya, picha ya kuweka kwenye kava. Waandikiane karatasi ndogo, yenye tarehe, majina na sehemu ya makuta itakayokwenda kwa familia kama makuta yatapatikana. Karatasi mbili, kila mmoja na yake. Mtoto wa Alomía Robles alishinda kwa karatasi.

Redio zetu nazo zisijifiche nyuma ya vijana. Asubuhi tunasikia nyimbo kumi mfululizo, na mtangazaji anataja salamu za watu arobaini, siku ya kuzaliwa ya shangazi wa fulani, bei ya saruji, ila jina la mtunzi halimo. Kama wimbo umerudiliwa, mtangazaji aseme majina mawili: wanaoimba sasa, na aliyetunga. Ni sekunde tano. Hata yule mwenye kuongoza sherehe ya arusi anaweza. Angesema: «Wimbo wa marehemu fulani, wameufanya upya vijana wetu hawa», na yule mama wa Likasi angemaliza chakula chake.

Kwa wale wawili wa arusi ile, tuliwapa anwani ya mzee mmoja anayejua nyimbo za Likasi, na tukawaambia wasifute video yao. Wabadilishe maandishi chini yake. Bado hawajafanya, tumeangalia tena leo asubuhi.